Kupingana bila Kuchukiana

Tangu wanadamu walipoanza kukaa pamoja chini ya utawala mmoja, hawakukosa kuhitilafiana juu ya namna ya kutawaliwa. Wako wanaotaka mali ya nchi igawanywe kwa usawa zaidi na serikali ilisimamie jambo hilo; wako wanaoona kuwa kila mtu aachiwe atafute riziki yake, na kwamba mila zilizorithiwa zisibadilishwe kwa pupa. Hitilafu za namna hii si ugonjwa. Nchi ambayo watu wake wote husema neno moja, ama imenyamazishwa, ama haijafikiri.

Hata hivyo, yako mambo mawili ambayo ni rahisi kuyachanganya: kuyapinga maoni ya mtu, na kumchukia mtu mwenye maoni hayo. La kwanza ndiyo kazi yenyewe ya siasa. La pili ni hali ya moyo ambayo ikienea huifanya kazi hiyo isiwezekane. Katika makala haya tutaeleza yale ambayo wachunguzi wa saikolojia na wa elimu ya siasa wameyagundua kuhusu mambo hayo mawili: chuki ya kisiasa huzaliwaje, hukuzwa na nini, na hupunguzwa kwa njia gani. Mifano yetu mingi imetoka Marekani, kwa kuwa huko uhasama kati ya mrengo wa kushoto na mrengo wa kulia umekuwa mkali, na umepimwa kwa uangalifu kwa miaka mingi.

Majina yaliyotokana na viti

Majina ya "kushoto" na "kulia" yalianzia ukumbini. Mwaka 1789, mapinduzi yalipokuwa yameanza Ufaransa, wajumbe wa Bunge waliokutana Versailles walibishana kama mfalme awe na uwezo wa kuikataa sheria iliyopitishwa na Bunge. Waliomtetea mfalme walikuwa wakikaa upande wa kulia wa mwenyekiti. Waliotaka mamlaka yake yapunguzwe walikaa upande wa kushoto. Desturi hiyo ya kukaa ikageuka kuwa jina la siasa, na jina hilo likaenea duniani.

Msomaji na atambue jambo moja hapa. Tangu mwanzo majina haya hayakutaja tu mtu anafikiri nini. Yalitaja pia amekaa na nani. Hilo la pili ndilo litakalotushughulisha zaidi, maana ndimo chuki inamoota.

Kupima chuki

Je, chuki ya kisiasa yaweza kupimwa? Yaweza, ikiwa swali litaulizwa vizuri. Mwaka 1960 wananchi wa Marekani waliulizwa wangejisikiaje kama mtoto wao angeoa au kuolewa na mfuasi wa chama kingine. Wakati huo, watu wapatao 5 tu katika kila 100 walisema kuwa jambo hilo lingewachukiza. Swali la namna hiyo lilipoulizwa tena mwaka 2010, karibu nusu ya wafuasi wa Chama cha Republican, ambacho huhesabiwa kuwa cha mrengo wa kulia, na karibu theluthi moja ya wafuasi wa Chama cha Democratic, ambacho huhesabiwa kuwa cha mrengo wa kushoto, walisema kuwa wasingefurahi. Kwa hiyo, katika miaka 50, tofauti ya chama ilikuwa imeingia hata katika mambo ya posa na harusi.

Mtaalamu Shanto Iyengar na wenzake, waliochapisha ulinganisho huo mwaka 2012, walionyesha jambo jingine lenye uzito. Ukali wa chuki hiyo haukufuata kwa ukaribu tofauti za maoni kuhusu sera, kama vile kodi, matibabu au misaada ya serikali. Mtu aliweza kuwa na maoni ya wastani katika mambo mengi, na bado akawachukia sana wa upande wa pili. Yaani, chuki ilikuwa ikisafiri kwa miguu yake yenyewe, haikungoja kubebwa na hoja.

Makundi yasiyo na sababu

Ili kulielewa jambo hilo, hapana budi tuyatazame majaribio yaliyofanywa Bristol, Uingereza, na Henri Tajfel na wenzake, na matokeo yake yakachapishwa kati ya mwaka 1970 na 1971. Tajfel alikuwa Myahudi aliyezaliwa Poland mwaka 1919. Alitekwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili alipokuwa askari wa jeshi la Ufaransa, na vita vilipokwisha alikuta jamaa zake wengi wameuawa. Swali la kwa nini watu huwatendea vibaya wenzao kwa sababu ya kundi tu, kwake halikuwa swali la vitabuni.

Tajfel aliwachukua wavulana wa shule wenye umri wa miaka 14 na 15. Waliangalia vitone vingi vilivyoonyeshwa kwa muda mfupi, wakakisia idadi yake. Kisha kila mmoja aliambiwa kuwa yumo katika kundi la wanaokisia zaidi ya idadi halisi, au la wanaokisia pungufu; lakini kwa kweli waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadaye kila mvulana, akiwa peke yake, alitakiwa kugawa pointi zilizokuwa na thamani ya fedha kwa wavulana wengine wawili. Hakujua majina yao. Alijua tu namba na kundi la kila mmoja. Wala hakuweza kujigawia mwenyewe.

Hapakuwa na ugomvi wa zamani baina ya makundi hayo, wala shamba la kugombania, wala deni, wala dini. Hata hivyo, wavulana wengi waliwapendelea wa kundi lao. La kushangaza zaidi ni kwamba, ilipowapasa kuchagua, wengi walikuwa radhi kundi lao lipate kidogo kuliko lingeweza kupata, mradi kundi la pili lipate kidogo zaidi. Walithamini kushinda kuliko kufaidika.

Ikiwa vitone ukutani vyatosha kuzaa upendeleo wa namna hiyo, basi si ajabu kwamba chama cha siasa, chenye bendera, nyimbo, viongozi na kumbukumbu za ushindi na kushindwa, kinaweza kuzaa mengi zaidi.

Mwamba ngoma huvutia kwake

Wengi hudhani kuwa dawa ya mabishano ni ushahidi: mlete mbishi takwimu za kweli, naye atanyamaza. Mwaka 1979 wachunguzi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper, waliijaribu dhana hiyo. Waliwachagua wanafunzi 48. Nusu yao waliunga mkono adhabu ya kifo na nusu waliipinga. Kila mwanafunzi alipewa asome taarifa za uchunguzi wa namna mbili: moja ikionyesha kuwa adhabu hiyo hupunguza mauaji, nyingine ikionyesha kuwa haipunguzi.

Wote walisoma mambo yale yale. Lakini kila upande uliuona uchunguzi uliokubaliana nao kuwa umefanywa kwa ustadi, na uliowapinga kuwa na kasoro tele. Mwishoni, kwa maelezo yao wenyewe, pande zote mbili zilikuwa zimeshikilia misimamo yao kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili kwa maneno machache: mwamba ngoma huvutia kwake.

Tusidhani kuwa hii ni tabia ya wajinga, au ya upande mmoja wa siasa. Wanafunzi wale walikuwa watu wenye elimu, na kosa lao lilikuwa moja, wa huku na wa huko. Akili haikukosekana, ilitumika kama wakili na si kama hakimu.

Picha isiyofanana na mtu

Kuna kosa la pili linaloambatana na hilo. Tusipokutana na watu wa upande wa pili, tunajitengenezea picha yao, na picha hiyo mara nyingi si ya kweli. Mwaka 2018 Douglas Ahler na Gaurav Sood walichapisha matokeo ya kuwauliza Wamarekani wanadhani vyama vyao viwili vina watu wa aina gani. Walioulizwa walikisia, kwa wastani, kuwa wafuasi wa Republican 38 katika kila 100 hupata zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka. Idadi ya kweli ilikuwa kama 2 katika kila 100. Makosa ya namna hiyo yalionekana pia kuhusu wafuasi wa Democratic, na yalikuwa makubwa zaidi mtu alipokisia habari za chama asichokuwa mfuasi wake.

Hapo msomaji ataona hatari yenyewe. Mtu wa kushoto anayeamini kuwa anabishana na tajiri asiyejali, huku aliye mbele yake ni fundi magari mwenye watoto watatu, hajibu hoja ya fundi huyo. Anaijibu picha iliyomo kichwani mwake. Na fundi naye, akijibiwa kama tajiri, hukasirika kwa haki.

Maneno yasiyo na uso

Siku hizi sehemu kubwa ya mabishano ya siasa hupita katika mitandao ya kompyuta na simu, ambamo watu huandikiana bila kuonana. Uchunguzi wa jambo hili ulianza mapema. Mwaka 1984 Sara Kiesler, Jane Siegel na Timothy McGuire wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walieleza majaribio ambamo makundi ya watu watatu watatu yalitakiwa kufikia uamuzi, mara kwa kuonana ana kwa ana, mara kwa kuandikiana kwa kompyuta. Walioandikiana walichukua muda mrefu zaidi kukubaliana, na maneno makali na ya kukosa adabu yalizidi miongoni mwao. Tunapozungumza ana kwa ana, uso wa mwenzetu, sauti yake na hata kimya chake hutuonya kabla hatujavuka mpaka. Maandishi hayana kikunjo cha uso.

Lakini itakuwa kosa kudhani kuwa mashine humgeuza mtu mpole akawa mkali. Mwaka 2022 Alexander Bor na Michael Bang Petersen wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha uchunguzi uliofanywa Marekani na Denmark. Waligundua kuwa watu wanaotukana katika mabishano ya siasa mitandaoni ndio hao hao wanaotukana katika mabishano ya ana kwa ana. Tofauti ni kwamba ukali wa mtu mmoja barazani huonwa na watu watano. Ukali huo huo mtandaoni huonwa na maelfu. Mtandao haukumbadilisha mkali. Ulimpa kipaza sauti. Wapole nao, kwa kuogopa kuchafuliwa, hukaa pembeni, na hivyo msomaji hudhani kuwa wale wachache wenye kelele ndio upande mzima.

Aidha, maneno makali husafiri mbali. Mwaka 2017 William Brady na wenzake walichunguza zaidi ya habari fupi 500,000 zilizoandikwa katika mtandao wa Twitter, ambao tangu mwaka 2023 huitwa X, kuhusu bunduki, ndoa za watu wa jinsia moja na mabadiliko ya hali ya hewa duniani. Waliona kuwa kila neno moja lenye kuchanganya hisia kali na hukumu ya wema na ubaya liliongeza kusambazwa kwa habari hiyo kwa kiasi cha asilimia 20. Lakini maneno hayo yalisambaa zaidi miongoni mwa watu wa upande mmoja kuliko kuvuka kwenda upande wa pili. Kwa hiyo anayeandika kwa ukali hushangiliwa na wake, akadhani amewashinda wengine, kumbe wengine hawakumsikia.

Hasara yake

Je, kuna ubaya gani watu wakitukanana, ikiwa maneno hayavunji mfupa? Mwaka 2005 Diana Mutz na Byron Reeves walitoa sehemu ya jibu. Waliwaandaa waigizaji wawili wajifanye wagombea wa ubunge na kubishana mbele ya kamera. Mabishano hayo yalirekodiwa mara mbili, hoja zikiwa zile zile. Mara ya kwanza wagombea walisikilizana kwa staha. Mara ya pili walikatizana maneno, wakaguna na kukunja nyuso kwa dharau. Watazamaji wa mabishano ya pili walivutiwa zaidi na walichokiona. Lakini walipoulizwa, imani yao kwa wanasiasa na kwa Bunge lenyewe ilikuwa imepungua kuliko ya wale walioona mabishano ya staha.

Imani hiyo si pambo. Utawala wa kidemokrasia husimama juu ya jambo moja gumu: aliyeshindwa akubali kuwa ameshindwa, akijua kuwa mshindi hatamwangamiza na kwamba zamu nyingine itakuja. Mtu anayeamini kuwa wapinzani wake ni waovu hawezi kulikubali jambo hilo kwa urahisi. Tarehe 6 Januari 2021, umati wa wafuasi wa Rais Donald Trump, aliyekuwa ameshindwa katika uchaguzi wa Novemba 2020, ulivamia jengo la Bunge la Marekani mjini Washington, wakati matokeo ya uchaguzi huo yalipokuwa yakithibitishwa. Haitakuwa haki kusema kwamba tukio hilo lililetwa na ukosefu wa staha peke yake. Lakini ni dhahiri kwamba nchi ambayo nusu ya watu wake wanaiona nusu ya pili kuwa adui, imekwisha kuandaa kuni; hubaki kiberiti tu.

Dawa zipi hufaa?

Dawa ya kwanza ambayo wengi huifikiria ni kumfanya mtu asome maoni ya upande wa pili. Mwaka 2018 Christopher Bail na wenzake walichapisha jaribio la aina hiyo: Wamarekani walilipwa ili, kwa muda wa mwezi mmoja, wapokee kila siku habari zilizoandikwa na viongozi na watu mashuhuri wa upande wasiouunga mkono. Hawakusogea kuelekea katikati. Wafuasi wa Republican walizidi kwenda kulia kwa kiasi kinachopimika. Wale wa Democratic walielekea kidogo kushoto, ingawa kwa kiasi kisichoweza kuthibitishwa. Kurushiwa maneno ya mpinzani siyo kukutana naye.

Dawa ya pili inahusu namna ya kufikiri. Mwaka 1984 Lord na Lepper, safari hii pamoja na Elizabeth Preston, walirudia jaribio la adhabu ya kifo. Wanafunzi walioambiwa tu wawe waadilifu na wasipendelee upande waliendelea kupendelea. Lakini walioambiwa wajiulize, "Je, ningeukubali uchunguzi huu kama matokeo yake yangekuwa kinyume?" walipima ushahidi kwa haki zaidi. Kuhimizwa kuwa mwema hakukutosha. Kuonyeshwa njia ya kufuata kulifaa.

Dawa ya tatu ni mazungumzo. Mwaka 2020 Joshua Kalla na David Broockman walitoa matokeo ya majaribio yaliyofanywa sehemu mbalimbali za Marekani, ambamo watu waliofundishwa walikwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na wapiga kura kuhusu wahamiaji wasio na hati. Mazungumzo yaliyojaa hoja peke yake hayakubadili kitu. Lakini pale mgeni alipomwuliza mwenyeji habari za maisha yake, akamsikiliza bila kumhukumu, kisha akamsimulia na yeye habari zake, maoni ya wenyeji kuhusu wahamiaji yalibadilika kidogo, na badiliko hilo lilidumu kwa muda usiopungua miezi minne.

Dawa ya nne ni mkutano ulioandaliwa. Mwezi wa Septemba 2019, wapiga kura 523 waliochaguliwa ili wawakilishe Marekani nzima walikusanyika karibu na Dallas kwa siku nne, chini ya mpango ulioongozwa na James Fishkin na Larry Diamond wa Stanford. Walipewa maelezo yenye kueleza faida na hasara za kila pendekezo, wakazungumza katika vikundi vidogo vyenye wasimamizi, wakawauliza wataalamu maswali. Katika mapendekezo mengi yaliyokuwa yamewagawanya sana, pande mbili zilisogeleana, na hisia zao kuhusu wapinzani wao zikawa nzuri zaidi. Njia hiyo ya Fishkin imetumika hata Tanzania: mwaka 2015 wananchi wapatao 400 kutoka sehemu mbalimbali za nchi walikutana Dar es Salaam kujadili mapato ya gesi asilia yatumiweje.

Dawa hizi tatu zilizofaa zina jambo moja linalozifananisha. Katika kila moja, mtu alipewa nafasi ya kufikiri kabla ya kujibu, na katika mbili za mwisho alimwona mwenzake kuwa mtu, si kuwa picha.

Staha si kunyamaza

Hapana budi tuongeze onyo. Neno "staha" laweza kutumiwa vibaya na wenye nguvu ili kuwanyamazisha wanaodai haki. Mwezi wa Aprili 1963, huko Birmingham, Alabama, viongozi wanane wa dini, wote Wazungu, walitoa tamko wakiyaita maandamano ya watu weusi kuwa yasiyo ya busara na yasiyo ya wakati wake. Martin Luther King aliwajibu kwa barua aliyoiandika akiwa gerezani. Hakuwatukana, lakini hakukubali pia kwamba adabu maana yake ni kungoja haki bila kusema.

Basi na tutofautishe. Staha humlinda mtu. Hailindi hoja yake. Sera mbaya na iitwe mbaya, uongo uitwe uongo, na dhulma isemwe waziwazi, kwa ushahidi na kwa sauti ya kusikika. Kinachokatazwa na staha ni kumvua mpinzani ubinadamu wake, au kumpachika maneno ambayo hakuyasema.

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, mtu anayeingia katika mabishano ya siasa, awe wa kushoto au wa kulia, aweza kujiwekea kanuni chache. Aeleze kwanza hoja ya mpinzani kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angekiri kuwa ndivyo asemavyo. Aulize mpinzani huyo aliyafikiaje maoni hayo, kabla ya kuyapiga. Asiwapime watu wote wa upande mmoja kwa yule mwenye kelele nyingi kuliko wote. Ushahidi unaomfurahisha aupime kwa mizani ile ile anayopimia unaomwudhi. Na akiwa na hasira, angoje. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na maneno yaliyoandikwa hukaa kuliko yaliyosemwa.

Wale wajumbe wa Versailles walikaa pande mbili za ukumbi, lakini ukumbi ulikuwa mmoja, na walipomaliza kubishana walipiga kura. Kushoto na kulia ni pande za kitu kimoja. Kitu hicho kikivunjika, pande nazo hazitakuwapo.